Yai la Manjano

Mwezi uliopita jirani yangu alichemsha maganda ya vitunguu uani ili amnyweshe mwanawe aliyekuwa na kikohozi. Mvuke ulipopita dirishani kwangu niliacha kukunja nguo, nikakaa kitandani. Ni harufu nzito, tamu kidogo, kama mchuzi ambao mpishi amesahau kuutia kitu kingine. Watu wa rika langu waliokulia kando ya mto Tana wakitajiwa mwaka wa Elnino hukumbuka maji. Mimi hukumbuka harufu hiyo, na baada yake humkumbuka Maro.

Mama yangu alikuwa akisuka mikeka. Nyumbani kwetu, karibu na Golbanti, alijulikana kwa rangi zake kuliko hata kwa ususi wenyewe. Nyekundu iliyoiva aliipata kwa magome ya mkoko yaliyoletwa kutoka Kipini, hudhurungi kwa maganda ya vitunguu, na manjano kwa manjano yenyewe, ile ya kutia kwenye chakula. Rangi za dukani hakuzitaka, alisema zinachujuka. Alipokuwa msichana aliwahi kufanya kazi jikoni kwa muuguzi mmoja Mzungu wa misheni, na huyo ndiye aliyemwonyesha kwamba rangi zile zile za ukindu hushika pia kwenye yai. Basi kila Pasaka, kwa kuwa ndiye aliyefundisha watoto wa shule ya Jumapili, alichemsha mayai ya kuku wetu katika rangi zake na kumpa kila mtoto yai moja baada ya ibada. Pale kwetu hapakuwa na mwingine aliyefanya hivyo. Nakumbuka watoto wa vijiji vya Wema na Kulesa waliokuja kukaa kwa ndugu zao wiki hiyo kwa ajili ya yai tu.

Kazi yenyewe niliijua kwa macho kabla ya kuijua kwa mikono. Maji ya kila rangi yalichemshwa peke yake mpaka yakolee. Yakaminyiwa ndimu, kwa sababu bila ndimu rangi hutoka kwa kidole. Kisha mama alichukua jani dogo la mkwaju, akalilaza juu ya yai, akalifunga kwa kipande cha chandarua kilichochanika, akakaza kwa uzi. Yai lilipotoka na kufunguliwa, jani lilikuwa limeacha umbo lake jeupe pale, kila kijisehemu cha jani mahali pake. Mwisho alilipaka mafuta ya nazi ling'ae. Mimi na ndugu yangu mdogo Maro tulichuchumaa kando ya mafiga, na mama alitutania kila mwaka maneno yale yale: "Mkiyanywa maji haya mtageuka rangi, watu wa kanisani wasiwajue." Maro alikuwa na miaka minne, mimi minane. Yeye alicheka. Mimi niliamini.

Mwaka ule wa Elnino mvua ilianza kunyesha na haikuacha. Mto ulipanda ukameza migomba na mpunga, halafu ukaingia nyumbani. Tulihamia penye mwinuko karibu na kanisa, tukaishi chini ya turubai miezi kadhaa. Baba alikwenda mji wa Garsen kushusha magunia ya chakula cha msaada kwenye ndege, akawa anatutumia unga kwa mtumbwi wa mjomba Komora, kaka yake mama. Maji yalipoanza kupungua yaliacha tope na mbu. Nyumba yetu ilibaki kuta mbili, tukazifunika kwa turubai lile lile tukarudi kukaa ndani yake. Homa ikapita nyumba kwa nyumba. Ng'ombe wa Waorma, wafugaji jirani zetu, waliharibu mimba, wakatokwa na damu puani, wakafa wengi hata upepo ukivuma kutoka mbugani tulijifunika nguo usoni. Watu pia walikufa. Tuliacha kuuliza nani, tulisikia tu vilio na kuvitambua vinatoka upande gani.

Kuku wetu watatu walipona kwa kukaa juu ya paa. Pasaka ilipokaribia mama alianza kuweka mayai ndani ya chungu chenye majivu, na kwa wiki tatu hatukula hata moja. Tulikuwa tunakula uji wa mahindi ya msaada na kambare, na siku nyingine mizizi ya yungiyungi iliyochimbwa kwenye tope. Mjomba Komora alimwambia mama mbele yangu, "Dada, watoto wana njaa na wewe unaweka mayai ya kupaka rangi."

Mama alikuwa anafunga mzigo wa kuni. Hakugeuka. "Hawa watoto wamezika tangu mwaka uanze," akasema. "Siku moja nao wapewe kitu kizuri."

Mjomba akarudi mtumbwini. Safari iliyofuata alirudi na mfuko wa maganda ya vitunguu ambayo baba alikuwa amekwenda kuyaokota chini ya mizani za wauza duka wa Garsen.

Maro alianza kuumwa Alhamisi. Wakati ule homa haikuwa habari. Mama alimvunjia kidonge nusu, akamfunika, akaendelea na kazi. Ijumaa alitapika. Jumamosi asubuhi alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya mafiga, macho nusu wazi, na mama alikuwa na sufuria tatu motoni. Hapo ndipo alipokuja Mama Dahabo.

Mama Dahabo alikuwa mwanamke wa Kiorma aliyetuletea maziwa tangu kabla sijazaliwa na kuondoka na mahindi au ndizi. Mwaka ule hakuwa na maziwa, nasi hatukuwa na mahindi, lakini aliendelea kupita, kibuyu kitupu mgongoni, akaketi kidogo na mama, kisha akaenda zake. Siku hiyo hakuketi. Aliinama akaweka kiganja kwenye shingo ya Maro, akakiacha pale muda mrefu.

"Mama Rehema," akasema, "hii mtoto iko na homa mbaya. Mtumbwi ya Komora naenda hospitali sasa hivi, nimeona kule. Peleka."

Mama alitazama sufuria. Maji ya vitunguu yalikuwa yameshaiva, ya manjano yalikuwa yanaanza kutokota, na ya mkoko hata hayajatiwa mayai. "Amekula dawa," akajibu. "Kesho nikishamaliza kanisani nitampeleka. Nimewaahidi watoto."

"Mimi pia nilisema kesho," Mama Dahabo akasema. "Mimi nimezika."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia. Mama akaendelea kukoroga. Mama Dahabo alisubiri kidogo, akakiweka sawa kibuyu chake mgongoni, akaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa hapo nikikata nyuzi. Nilisikia kila neno, lakini lilipita masikioni mwangu kama mazungumzo mengine ya wakubwa, maana sikuwa na wasiwasi na Maro. Wasiwasi wangu ulikuwa kama nitapewa yai lenye jani au lisilo na jani.

Mayai yalipotolewa, mama aliyapanga kwenye ungo yapoe, akajifunga leso kwenda kufagia kanisa, ambalo bado lilikuwa na tope kwenye pembe. "Mwangalie ndugu yako," aliniambia. "Mayai usiyaguse, nimeyahesabu."

Hakuwa amefika mbali Maro aliponiita. Sauti yake ilikuwa kavu. "Dada, nataka lile la jua."

Alimaanisha la manjano. Yalikuwepo manne, na moja lilikuwa limepasuka ufa mdogo likiwa jikoni. "Hayo ni ya kesho," nikamwambia.

"Kesho sitaki. Nataka sasa."

Alikuwa hajala tangu Alhamisi. Sijui kama nilimhurumia au kama nilikuwa na njaa mwenyewe. Nimejiuliza mara nyingi na nadhani yote mawili yalikuwepo. Nilichukua lile la ufa nikalimenya. Rangi ilikuwa imepenya, ikachora michirizi ya manjano kwenye ute mweupe kama mishipa. Maro alikula nusu, polepole, akilishika kwa mikono miwili. Nusu nyingine nilikula mimi. Kisha akasema ana kiu, na mtungi ulikuwa mtupu, na kwenda mtoni kungemaanisha kumwacha peke yake. Sufuria ya manjano ilikuwa imepoa. Nilichota kwa kata nikampa. Alikunywa mafunda mawili makubwa, akakunja uso, akacheka kidogo.

"Tusimwambie mama," akasema.

"Tusimwambie," nikasema. Maganda niliyafukia majivuni.

Jumapili mama alimbeba Maro mgongoni mpaka kanisani, akamlaza juu ya mkeka chini ya ukuta uliokuwa na mstari wa tope usawa wa kifua cha mtu mzima, pale maji yalipofika. Ibada ilikuwa ndefu. Tuliimba, na nyimbo zilikuwa na mapengo, sauti tulizozizoea hazikuwepo. Kisha mama akafunua ungo, na ule mnong'ono uliopita kwa watoto sijawahi kuusikia tena mahali popote. Aliwapa mmoja mmoja. Alipofika kwangu ungo ulikuwa mtupu. Aliutazama, akanitazama mimi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wewe ni mwanangu, utavumilia." Nilitikisa kichwa kukubali. Watoto walikuwa wamekaa nje kwenye mwanga, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvunja lake.

Mama aliporudi kumchukua Maro alimkuta amelowa. Alimfungua nguo, na mkojo ulikuwa mweusi unaokaribia wekundu, kama maji ya magome yake ya mkoko. Alimwita mwanamke mmoja wa pale aliyekuwa mkunga. Yule mkunga alipiga magoti, akamfunua Maro kope kwa kidole gumba.

"Macho yamekuwa manjano," akasema.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Niliona kwa macho yangu. Lilikuwa manjano lile lile. Kwetu neno ni moja tu, la kiungo, la rangi na la ugonjwa, na mimi nilikuwa nimeonywa kila mwaka ninaokumbuka kwamba ukiyanywa yale maji utageuka rangi. Sikulia. Niliweka mikono nyuma, kwa sababu kucha za mkono wangu wa kulia zilikuwa bado za manjano tangu jana.

Mtumbwi wa mjomba Komora ulikuwa umelala ng'ambo na wagonjwa wa Jumamosi. Ulirudi jua likiwa limeshapita utosini. Mjomba hakushuka hata kunyoosha mgongo. Mama aliingia na Maro mapajani, wakaondoka wakikata katikati ya mashamba yaliyokuwa bado ziwa, mjomba akisukuma kwa upondo. Niliachwa na yule mkunga. Nyuma yangu watoto walikuwa sasa wanagonganisha mayai yao waone la nani gumu, wakicheka.

Walirudi Jumatatu asubuhi. Mama alikuwa amekaa vile vile alivyokuwa amekaa alipoondoka, Maro mapajani, amefunikwa leso mpaka kichwani. Maro alikufa mtumbwini wakienda, mapaa ya hospitali yakiwa yanaonekana. Makaburini palikuwa bado na maji, kwa hiyo walimzika kwenye kichuguu nyuma ya kanisa, ambapo ardhi ilikuwa kavu na ngumu hata wanaume walichimba kwa zamu. Baba alifika kutoka Garsen wakati wanafukia. Unga wa magunia ulikuwa bado umemganda kwenye nyusi.

Wiki zilizofuata nilijisugua vidole kwa mchanga na majivu mpaka ngozi ikatoka. Kila asubuhi nilikwenda nyuma ya nyumba na kipande cha kioo, nikavuta kope chini na kutazama. Nami nilikula nusu ya lile yai, kwa hiyo zamu yangu ilikuwa inakuja. Sikujua tu kwa nini ilichelewa. Siku moja mama alinikuta. Alininyang'anya kioo, akanishika mkono, akavitazama vidole vyangu vilivyochubuka, kimoja kimoja. Nilisubiri aseme. Aliuachia mkono, akaenda zake. Kuanzia siku hiyo niliamini anajua na kwamba ameamua kutonisamehe kimyakimya.

Kila kitu baadaye kilikuja kuthibitisha. Pasaka iliyofuata hakuchemsha mayai. Shule ya Jumapili alimwachia mtu mwingine. Alisuka mikeka myeupe tu, bila uzi mmoja wa rangi, na watu walipouliza alisema macho yake yamechoka. Mama Dahabo alihama na jamaa zake kufuata malisho, hatukumwona tena. Jina la Maro halikutajwa nyumbani. Nilipofika sekondari mwalimu wa sayansi alitufundisha kwamba malaria kali huvunja damu, macho yakageuka manjano na mkojo ukawa mweusi. Nilinakili yote daftarini kwa mwandiko mzuri. Nilijua kwamba manjano ya kupikia hayajaua mtu. Lakini kujua kule kulikaa kichwani, na lile jambo lilikuwa limekaa mahali pengine, halikusogea.

Miaka mingi ilipita. Niliolewa, nikahamia Malindi, nikajifungua mtoto wa kike. Siku ya tatu aligeuka manjano, macho na mwili. Muuguzi aliniambia ni kawaida kwa wachanga wengi, watampima na kumweka kwenye taa. Sikumsikia. Nilimkumbatia mtoto nikakataa kumtoa, hata ikabidi wamwite mama, aliyekuwa amekuja kunilea. Alimchukua mtoto mikononi mwangu bila kunigombeza, akampa muuguzi, kisha akafunga mlango.

"Rehema, una nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu yai, na kata, na mafunda mawili, na maganda majivuni. Nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto, na nilisema kama nina miaka minane, nikiangalia sakafu.

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda. "Najua kuhusu yai," akasema. "Aliniambia mwenyewe."

Sikuelewa.

"Kule mtumbwini. Akili ilikuwa imeshampotea, hakujua ni mimi. Alisema, dada amenipa la jua. Halafu akasema, usimwambie mama." Alijifuta pua kwa ncha ya leso. "Basi sikumwambia mtu. Nilishukuru, mwanangu. Nilimshukuru Mungu kwamba alikula kitu, na kwamba kilikuwa kitu alichokitaka."

Nililia mpaka mshono wa kujifungua ukaniuma. Yeye alinishika bega akasubiri. Nilipotulia aliniuliza, bila kunitazama, "Jumamosi ile, Dahabo alipokuja, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Alitikisa kichwa polepole. Niliona kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa ameshikilia tumaini moja, kwamba maneno yale hayakusikiwa na mtu mwingine. "Na hukuniambia kitu hata siku moja," akasema.

"Nilikuwa najua ni mimi niliyemuua," nikamjibu. "Sikuwa na nafasi ya kukulaumu wewe."

Baadaye, mtoto alipokuwa analala chini ya taa amefungwa kitambaa machoni, mama aliniomba jambo moja. "Wewe umesoma. Muulize daktari. Ningempeleka siku ile, angepona?"

Nilimuuliza asubuhi yake, wakati wa mzunguko, mama akiwa ametoka kufua nepi. Daktari alikuwa kijana, mvumilivu. Aliniuliza homa ilianza lini, macho yaligeuka lini, mkojo ulikuwa wa rangi gani. Nilimjibu yote. Alifikiri, akasema angefikishwa Jumamosi, akatundikiwa dawa na pengine damu, huenda angepona. Watoto wengi, alisema, hupona wakifika mapema.

Mama alirudi na beseni kiunoni, mikono ina povu. Alisimama mlangoni. "Amesemaje?"

Nilimwambia daktari amesema homa ya namna ile, kwa mtoto mdogo kiasi kile, hata angepelekwa Alhamisi isingebadilisha kitu.

Mama aliniangalia usoni kwa muda mrefu. Ndiye aliyenilea, na tangu nikiwa mdogo hakuna uongo niliomwambia ambao hakuuona ukitoka. Kisha aliweka beseni chini, akajikausha mikono.

"Ahsante, mwanangu," akasema, na mpaka anazikwa sikujua alikuwa ananishukuru kwa jibu la daktari au kwa langu.